Dakika Tano Bila Kushika Kitu

4 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sote wazima, tunamshukuru Mungu. Wifi yako amehamishiwa zamu ya asubuhi pale maabara, kwa hiyo siku hizi chai napika mimi, na wanao wameshagoma mara mbili. Yule mkubwa ameota ndevu tatu, anazihesabu kwenye kioo kila asubuhi kama zitatoroka. Mama anaendeleaje na macho? Mwambie miwani si ya kuwekwa kabatini kungojea wageni.

Sasa la maana. Dada, nimeshushwa.

Usishtuke, sijafukuzwa. Unajua sisi madereva wa kreni hupimwa kila mwaka. Mwaka huu walileta daktari mpya, mama mmoja mkimya, na kisanduku cha mbao kinachokufika chini kidogo ya goti. Unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, dakika tano kwa mlio wa saa, mikono imening'inia, huruhusiwi kushika kitu. Mimi nilifika dakika ya pili nikaona ukuta unanijia. Daktari akanikalisha, akanifunga kile kitambaa cha presha, akasoma, akakifungua, akakifunga upya. Kisha akaniambia, "Kreni yako ina ngazi ya mita hamsini. Moyo huu ukisimama ukiwa katikati, nani atakushusha?"

Ameniandikia dawa, na amenipa miezi mitatu na ushee. Tarehe 14 Aprili napanda kile kisanduku tena. Nikishindwa, kibanda changu cha juu kinapewa mtu mwingine moja kwa moja, nami nabaki hapa nilipo sasa, stoo, nagawa kofia ngumu na glavu. Miaka kumi na sita nimefanya kazi juu ya vichwa vya watu, leo watu haohao wananiuliza kama kuna glavu saizi kubwa. Sitaki kuzeekea stoo, Dada. Nakuambia wazi.

Daktari alisema nifanye mazoezi ya kuuzoesha moyo, taratibu. Nilisikia mazoezi, taratibu sikuisikia. Kuna jimu nyuma ya duka la rangi, nikajiandikisha siku hiyohiyo, nikapanda mashine ya kukimbilia, nikakimbia dakika arobaini kwa sababu mzee aliyekuwa pembeni yangu hakuwa anashuka. Kesho yake nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume. Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini.

Wewe ulikuwa mkimbiaji, tena si wa kubahatisha. Nielekeze. Wala hujawahi kutueleza kwa nini uliacha. Mama asijue habari hizi.

Mdogo wako,
Ukoko

15 Januari

Mdogo wangu Ukoko,

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka na ya pili kwa kuogopa. Mama hajambo. Miwani anaivaa, ila juu ya paji la uso. Shemeji yako anakusalimu, mgongo wake umepoa. Kiwandani tumepokea oda ya sare za shule, elfu nne, na mimi nimewekwa kwenye kola. Nashona kola mpaka naziota.

Umefanya vizuri kuandika, na tuendelee hivihivi. Kwenye simu unasema "sawa Dada" halafu unafanya ya kwako. Ulichoandika kwa mkono wako huwezi kukikana, na barua zako zote nazitia kwenye kopo la vifungo.

Haya, sikiliza. Hutakimbia. Mwezi mzima, hata hatua moja. Utatembea, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku unapumzika. Kupumzika ni sehemu ya kazi, usije ukaniita mvivu. Dakika tano za mwanzo tembea kama mtu anayekwenda asikotaka, mwili upate moto. Kisha dakika kumi na tano kwa mwendo wa aliyechelewa. Kisha tano nyingine za pole, ndipo unashuka. Wiki inayofuata ongeza dakika mbili. Mbili, Ukoko, najua mkono wako ulivyo mwepesi kuongeza, hata sahani ya mezani inakujua.

Kipimo chako ni mdomo. Ukiweza kuimba, umelala. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Unatafuta pale ambapo unaweza kuongea lakini usingependa.

Na maumivu uyajue majina yake. Miguu ikiwa mizito yote miwili, kila mahali, hiyo ni kazi imeingia. Ikikuuma mahali pamoja, upande mmoja, pahali unapoweza kuonyesha kwa kidole, unasimama na unamwambia mtu. Siku hiyohiyo unamwambia mtu. Nipigie mstari chini ya maneno hayo na kalamu yako.

Halafu nijibu: ulikimbia na viatu gani?

Hilo la kwa nini niliacha halimo kwenye barua hii.

Dada yako

9 Februari

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, nilitaka nikuandikie nikiwa na habari. Wote wazima. Mdogo kapata mafua na kawagawia wenzake darasa zima. Wifi yako anasema nimekuwa mpole, sijui ni dawa au ni wewe.

Viatu nilikimbia na vya mkubwa, vinanibana. Usinipigie kelele, nimeshanunua vyangu.

Nimetembea kama ulivyosema. Wiki mbili, siku tatu tatu, dakika mbili juu ya mbili. Mwanzoni niliona aibu, watu wanakimbia kushoto na kulia, mimi katikati natembea kama nimekuja kutazama nyumba ya kupanga. Lakini presha imeshuka kidogo, daktari mwenyewe amesema, na mkanda umeingia tundu moja.

Sasa ngoja nikufurahishe. Pale jimu kuna mashine ya ngazi. Ni ngazi zinazoshuka zenyewe, wewe unapanda tu, na kioo kinakuhesabia ghorofa. Nikasema, Mungu akupe nini, mimi mtu wa ngazi! Kisanduku cha daktari si ngazi pia? Nikahamia huko. Siku ya kwanza ghorofa thelathini. Juzi nimefika sitini, Dada. Sitini! Yule mzee wa pembeni alisimamisha mashine yake kunitazama. Na naongea vizuri tu, sentensi nzima, hata hadithi naweza kusimulia.

Miguu haiumi popote. Kinachoniuma ni mabega, na viganja vimeota malengelenge, lakini hayo ni ya kawaida nadhani. Tarehe 14 Aprili nitamwomba daktari aniongezee dakika.

Hukunijibu lile swali langu. Baba alikuwa akilizungumzia kwa hasira mpaka mwisho wake, na wewe ulikuwa unatoka chumbani.

Ukoko, mtu wa ghorofa sitini

20 Februari

Mtu wa ghorofa sitini,

Mama anakusalimu. Amenishika asubuhi navaa raba mlangoni akauliza nakwenda wapi na viatu vya mwanafunzi. Nikamwambia natafuta hewa. Kola zimekwisha, sasa ni mifuko.

Nimesoma barua yako kazini, wakati wa mapumziko, nikaisoma tena, na kuna kitu kikanikwaruza. Mimi nashona, mdogo wangu. Mtu akiniletea suruali iliyochakaa magotini najua anapiga magoti, ikichakaa makalioni najua anakaa. Wewe unapanda ghorofa sitini, miguu haiumi, umechakaa viganjani. Unapanda kwa miguu au kwa mikono?

Hiyo mashine ina vyuma vya kushikia pembeni. Nenda kesho, mwombe mtu akutazame. Kisha achia.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Wazima.

Niliachia. Ghorofa kumi na moja.

Nilimwomba mwalimu wa jimu anitazame, mama mmoja mfupi aliyekuwa muuguzi zamani. Alisema amekuwa akiniona siku zote nimejinyonga kwenye vile vyuma kama nguo kwenye kamba, akadhani nina goti bovu, akaona haya kuniuliza. Uzito wote ulikuwa mabegani. Miguu ilikuwa inaambatana tu na ngazi, moyo umekaa umekunja nne.

Unajua kosa limetoka wapi? Kwenye ngazi ya kreni sheria ya kwanza ni hii: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Vitatu lazima viwe vimeshika, wakati wote. Anayeachia haandikiwi onyo, anaandikiwa salamu za rambirambi. Miaka kumi na sita, Dada. Mkono wangu ukiona ngazi unashika wenyewe, hauniulizi. Nilikuwa hata sijui kama nimeshika.

Basi wiki zote za ngazi zimekwenda bure na zimebaki sita. Leo msimamizi amekuja stoo na yule dereva anayekaimu kibandani kwangu, kumchukulia glavu mpya. Kijuujuu msimamizi akaniambia, "Usijali, mzee, na huku chini panahitaji mtu." Nilitabasamu. Nilitaka kulia.

Nimeamua. Nitakwenda kila siku, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikitoka. Maji nimeshayavulia nguo, lazima niyaoge. Usinizuie.

U.

8 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu leo, wote wanapumua. Naandika kwa haraka nipate gari la posta la mchana.

Usiende kila siku. Nakusihi, na unajua mimi si mtu wa kusihi.

Uliniuliza mara mbili kwa nini niliacha. Nilikuwa na miaka ishirini, zimebaki wiki tatu nikimbie mbio za kuchagua timu ya taifa. Muundi wa mguu wa kushoto ulikuwa unauma. Mahali pamoja. Ningeweza kuonyesha kwa kidole. Nikaufunga kitambaa, nikavaa soksi ndefu, na kila mwalimu wangu wa riadha aliponiuliza kama niko sawa nilisema niko sawa. Alinipangia siku za kupumzika, nikawa nazikimbia kwa siri barabarani. Nilikuwa na haraka kama wewe. Baba alikuwa ameshamtangazia kila mtu kazini kwake.

Siku ya mbio, kwenye kona ya mwisho, nilisikia mfupa. Sikusema niliuhisi. Niliusikia.

Daktari aliniambia kwamba ningekuja wiki tatu mapema, dawa ingekuwa kupumzika tu. Hilo sikumwambia mtu. Baba alipokuja hospitali alikuwa ameshaamua kwamba mwalimu kanitumikisha kupita kiasi. Akamshtaki kwa chama cha riadha. Mwalimu akaitwa, akajitetea kwamba alinipa mapumziko, hakuna aliyemwamini, akaondolewa. Mimi nilikuwa kitandani na plasta yangu, nikanyamaza. Neno moja langu lingemwokoa. Alikuwa mtu mwema na mimi nilinyamaza, Ukoko. Ndiyo maana nilikuwa natoka chumbani.

Miguu yangu ilipona. Mimi ndiye sikuona haki ya kukimbia tena.

Sasa ujue na jingine. Kila wiki niliyokuandikia, nimeitembea mimi kwanza. Nazunguka ukuta wa kiwanda kabla ya kengele ya asubuhi, nione kama dakika mbili zinabebeka kwa mtu wa umri wetu. Zinabebeka. Nne hazibebeki, nilijaribu.

Siku tatu kwa wiki. Umepoteza muda, najua, na inauma. Lakini mficha uchi hazai. Kama kuna mahali panapouma, sema.

Dada yako

5 Aprili

Dada yangu,

Tumeamka salama. Wifi yako anakusalimu na anasema amelia kwa ajili yako, nilimsomea barua, naomba radhi.

Nimekaa mwezi mzima sijakuandikia kwa sababu sikuwa na uso. Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshakwenda siku kumi na mbili mfululizo, asubuhi na jioni. Siku ya tisa kigimbi cha kulia kiliuma. Mahali pamoja. Nikanunua bandeji ya kuvuta, nikaifunga chini ya suruali, nikamwambia wifi yako nimejigonga na meza. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nivumilie mpaka tarehe 14, nipande kisanduku dakika tano, kisha kigimbi kifanye kinachotaka.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilikuwa naimba hivyo na wewe tukiwa wadogo, bila kujua tunamwimbia nani.

Niliisoma barua yako stoo, nyuma ya masanduku ya kofia. Nilikasirika kwanza. Nilimkasirikia Baba, nikakukasirikia wewe kwa kubeba peke yako jambo zito hivyo miaka karibu thelathini. Kisha nikaona mguu wangu wenyewe umefungwa bandeji chini ya suruali. Nikafunga dirisha la stoo, nikaenda zahanati ya kazini nachechemea, nikakunja suruali mbele ya yule daktari, nikamwonyesha kwa kidole.

Alibonyeza. Nikaruka. Akasema msuli umechanika kidogo, na kwamba kwa hali ile kisanduku kingeumalizia. Sipimwi tarehe 14. Wiki mbili nisifanye kitu, kisha baiskeli ya kusimama, kisha kutembea, na ameniandikia tarehe 25 Mei.

Msimamizi hakupendezwa. Alisema tarehe ni tarehe, na kwamba yule anayekaimu amezoea. Daktari ndiye aliyenisemea. Alimwambia, "Madereva ishirini nimewapima, wanaonificha maumivu ni kumi na tisa. Huyu mmoja naomba umpe wiki sita zaidi." Basi nimepewa, lakini ni nafasi ya mwisho, imeandikwa na nimetia sahihi. Nikishindwa tarehe 25 Mei, kibanda si changu tena.

Sijui kama nitaweza. Ila safari hii nitajua nimeshindwa kwa miguu yangu, si kwa ujinga. Niandikie ratiba.

Ukoko

14 Aprili

Ukoko wangu,

Leo ndiyo ilikuwa ile siku yako, nami nimeamka nayo kichwani. Mama hajambo na ameshajua kila kitu, maana nilimsimulia mwenyewe, yako na yangu. Yako alicheka. Yangu aliijibu siku ya tatu, akasema, "Baba yako hakuwa mtu wa kuambiwa, lakini mimi ungeniambia." Nililia kama mtoto, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Niliposoma kwamba ulikunja suruali mbele ya daktari nilisimama nikazunguka mashine yangu ya kushonea mara tatu. Wenzangu walidhani nimechomwa na sindano. Ulifanya nilichoshindwa mimi.

Haya, kazini. Baiskeli: dakika tano za pole, kumi za kuongea kwa shida, tano za pole. Siku tatu. Pandisha kiti mpaka goti linyooke karibu lote pedali ikiwa chini, kikiwa kifupi kitakula magoti yako. Wiki ya tatu kutembea, mashine ikiwa imeinuliwa kidogo, kidogo kama mteremko wa mlangoni pa duka. Wiki ya nne tafuta ubao wa kupandia, mfupi kuliko wa daktari, dakika moja panda shuka, dakika mbili tembea, mara nne. Mikono itie mfukoni kama huiamini. Kila baada ya mazoezi nyoosha vigimbi ukutani, pole, bila kurukaruka. Kikilalamika unarudi nyuma wiki moja, huendi mbele. Wiki ya mwisho punguza kila kitu nusu, mwili uingie kwenye mtihani ukiwa na njaa.

Zote nimezijaribu, hata baiskeli, ambayo nimeiazima kwa mlinzi wa kiwanda. Anadhani nimepata wazimu.

Na mimi nimemwandikia barua mwalimu wangu. Yu hai, ana miaka themanini na moja. Sijatia sahihi bado, lakini imeandikwa.

Dada yako

1 Juni

Dada,

Sote wazima, Mama mpe mkono, na mwalimu wako kama barua imekwenda. Kama haijakwenda, ipeleke leo hiihii, usinisubiri mimi.

Nilifuata kila mstari. Mara moja kigimbi kililalamika, wiki ya nne, nikarudi nyuma wiki nzima wakati siku zinaniishia, na hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote niliyofanya. Wifi yako alificha funguo za nyumba nisitoke kwenda jimu. Nilikaa sebuleni nimekunja mikono kama mtu aliyeadhibiwa.

Tarehe 25 daktari aliweka kile kisanduku sakafuni, msimamizi akasimama mlangoni. Dakika ya pili, pale nilipoishia Januari, nilikuwa napumua tu. Ya tatu, jasho. Ya nne mikono ilianza kuinuka yenyewe kutafuta cha kushika, nikaiona inainuka, nikaishusha. Dakika ya tano sitakudanganya, sikuwa na sentensi, nilikuwa na neno moja moja. Saa ikalia nikiwa juu. Daktari akanikalisha, akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo dakika nzima. Kisha akaandika na kumgeuzia msimamizi karatasi aisome. Nimepita. Si kwa mbali, lakini nimepita.

Leo asubuhi nimepanda. Ngazi yetu ina vituo saba, vijukwaa vya chuma vya kusimama. Zamani sikusimama hata kimoja, tulikuwa tunashindana, na anayesimama alichekwa mwezi mzima. Masharti ya daktari ni kwamba nisimame kwenye kila kimoja, dakika moja, siku zote za kazi yangu zilizobaki. Kiwanja kizima kilikuwa chini kinatazama, na yule anayekaimu, na watu wa stoo.

Kituo cha kwanza nikasimama. Cha pili nikasimama. Cha tatu redio ikalia begani, sauti ya msimamizi, na nyuma yake nasikia watu wanacheka: "Vipi huko, umekwama?"

Nikabonyeza kitufe. Nikamjibu, "Sijakwama. Napumzika."

Kicheko kikakatika. Nikaitazama saa mpaka dakika ikaisha, nikashika vyuma, nikapanda, nikasimama cha nne, na cha tano, na cha sita, na cha saba. Nilipoketi kitini mzigo wa kwanza ulikuwa umeshafungwa, wananingoja mimi niuinue.

Mdogo wako